Okidi-nyuki na Aina Zake: Ua Lililoacha Kumsubiri Nyuki

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu wa botania, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusimama mbele yenu. Nimechagua kuzungumzia mmea ambao hauoti katika ardhi yetu ya Tanzania, nao ni okidi-nyuki, ambayo kwa jina la kitaalamu huitwa Ophrys apifera. Nimeuchagua kwa sababu unatupa jibu la wazi la swali linalowasumbua wote wanaofanya kazi ya kuainisha mimea: inakuwaje spishi moja iwe na sura kadhaa zinazotofautiana waziwazi, na kila sura ikadumu vilevile kizazi baada ya kizazi, ilhali katika spishi nyingine za jenasi hiyohiyo tofauti huchanganyikana hata usiweze kuzitenga? Hoja nitakayoitetea leo ni kwamba aina za okidi-nyuki zimetokana na mmea huu kuacha kumtegemea mdudu, na kwamba mtu asiyelielewa jambo hilo atazipa aina hizo majina bila kujua anachokitaja.

Aliyeueleza mmea huu kwa jina unalolibeba hadi leo ni William Hudson wa Uingereza, mwaka 1762. Hata hivyo makao makuu ya jenasi ya Ophrys ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, na huko ndiko tunakopaswa kuutazama kwanza. Okidi-nyuki huota Moroko, Algeria na Tunisia, ikapita Ureno, Hispania, Italia na Ugiriki, ikafika Uturuki, milima ya Kaukasi na kaskazini mwa Iran. Upande wa kaskazini imesogea mbali kuliko karibu ndugu zake wote, hadi Uingereza na Ireland. Hupenda udongo wa chokaa, malisho makavu yenye nyasi fupi, vichaka visivyo na kivuli kizito, kingo za barabara na hata machimbo ya mawe yaliyoachwa. Katika visiwa na pwani za Mediterania huchanua kuanzia Aprili, na huko Uingereza husubiri hadi Juni.

Majani yake huchipuka wakati wa mapukutiko, mvua zinaporudi baada ya kiangazi kikavu, nayo hukaa kijani majira yote ya baridi yakiwa yamelala juu ya udongo. Ifikapo siku ya kuchanua, majani hayo tayari yameanza kukauka ncha. Shina husimama kwa urefu wa sentimita 20 hadi 50, likiwa na maua machache, kwa kawaida kati ya mawili na kumi. Chini ya udongo kuna viazi viwili vya mviringo: cha zamani, kinachosinyaa kwa kuulisha mmea wa mwaka huu, na kipya, kinachojaa kwa ajili ya mwaka unaofuata. Naomba mvikumbuke viazi hivyo, kwa kuwa mbele nitaeleza namna vinavyoihusu nchi yetu.

Ukilishika ua moja na kulitazama kwa lenzi, utaona kwanza sepali tatu, yaani vijani vya nje ya ua, za rangi ya waridi, mara nyingine nyeupe, kila moja ikiwa na mshipa wa kijani katikati. Petali mbili za pembeni ni fupi, nyembamba, zenye vinyweleo na rangi ya kijani iliyochanganyika na hudhurungi. Petali ya tatu, ambayo wanabotania huiita mdomo, ndiyo iliyolipa ua jina lake. Imetuna, rangi yake ni ya kahawia iliyokolea, mabega yake mawili yamefunikwa na manyoya, na karibu na kitako chake kuna baka linalong'aa lililozungushiwa mstari wa njano. Ncha ya mdomo imekunjwa kwenda nyuma, kiasi kwamba ukilitazama ua kwa mbele huioni. Juu ya mdomo imeinama nguzo, kiungo kinachobeba sehemu za kiume na za kike kwa pamoja, na ndani ya nguzo hiyo mna vifurushi viwili vya chavua ya njano, kila kimoja kikiwa juu ya kikonyo chembamba chenye sahani inayonata mwishoni.

Wataalamu walilitazama umbo hili kwa muda mrefu bila kuafikiana juu ya kazi yake. Robert Brown, mwanabotania mashuhuri wa Scotland, alidhani kwamba ua hufanana na mdudu ili kuwafukuza wadudu wengine. Ukweli uligunduliwa Algeria na mtu ambaye kazi yake ilikuwa mahakamani. Maurice-Alexandre Pouyanne alikuwa hakimu huko Sidi Bel Abbès, na kwa miaka mingi alikuwa akienda kuitazama okidi nyingine ya jenasi hii, Ophrys speculum, ambayo mdomo wake una baka pana la buluu inayong'aa na ukingo wa manyoya mekundu. Aliona kwamba wageni wake ni nyigu wa spishi moja tu, na wote ni madume. Hawakuwa wakitafuta chakula, kwa kuwa ua hilo halina nekta. Madume hao hutoka ardhini wiki kadhaa kabla ya majike, wakaruka huku na huko juu ya kingo kavu zenye jua, na walipofika kwenye ua walitua juu ya mdomo na kufanya yale ambayo dume hufanya juu ya jike. Pouyanne alipoyaficha maua yasionekane, madume waliendelea kuyatafuta, ndipo akatambua kwamba wanavutwa na harufu kabla ya sura. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1916 pamoja na Henry Correvon, mtaalamu wa bustani wa Uswisi. Wengi hawakumwamini mpaka wachunguzi wengine, akiwemo Godfery aliyefanya kazi kusini mwa Ufaransa, walipoyaona mambo yaleyale kwa macho yao.

Baadaye kemia ilithibitisha alichokishuku hakimu huyo. Bertil Kullenberg wa Uppsala, Sweden, aliitolea elimu hii kitabu kikubwa mwaka 1961, na mwaka 1999 Florian Schiestl na wenzake walionyesha kwamba Ophrys sphegodes hutoa haidrokaboni (kemikali za kaboni na hidrojeni) zilezile ambazo nyuki jike wa spishi ya Andrena nigroaenea hubeba juu ya ngozi yake, kwa uwiano unaokaribiana kiasi cha kumhadaa dume. Kwa hiyo katika jenasi hii, kwa jumla, mdudu ndiye msahihishaji wa ua. Ua lisilo na harufu inayotakiwa halitembelewi, ua lenye mdomo uliopotoka halimweki mdudu mahali panapofaa, na vyote viwili hukosa mbegu. Adhabu hiyo ni kali, maana hata maua yaliyo sawasawa hupata shida. Okidi za Ulaya zisizo na nekta, mara nyingi, huzaa matunda kwa chini ya theluthi moja ya maua yake.

Sasa turudi kwa okidi-nyuki, kwa sababu yenyewe haimo katika hesabu hiyo. Ukienda malishoni wiki chache baada ya kuchanua, utakuta karibu kila ua limeacha kibumba, yaani tunda kavu, kilichojaa mbegu. Charles Darwin aliliona jambo hili na likamshangaza sana. Katika kitabu chake cha mwaka 1862 kuhusu uchavushaji wa okidi, alieleza jinsi vikonyo vya okidi-nyuki vilivyo virefu na vyembamba kuliko vya ndugu zake, na jinsi vifumba vya chavua vinavyofunguka vyenyewe mara tu ua linapochanua. Vifurushi hudondoka kwa uzito wao, lakini sahani hubaki zimeshikilia juu, hivyo vikawa vinaning'inia hewani mbele ya stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua. Upepo mdogo tu hutosha kuvisukuma vikagonga stigma na kunata hapo.

Darwin hakutosheka na kuona. Alizifunika baadhi ya okidi kwa wavu nje ya nyumba, mahali ambapo mdudu asingeweza kuingia lakini upepo ungepita, na vifurushi vikafika kwenye stigma kama kawaida. Mashina mengine aliyaweka kwenye maji ndani ya chumba kisicho na upepo, na humo vifurushi vilibaki vikining'inia mpaka maua yakanyauka. Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote cha gharama, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa majaribio safi kabisa katika historia ya botania, kwa kuwa linamtenga mdudu, linautenga upepo, na kukuachia jibu moja. Kilichomsumbua Darwin kilikuwa kwamba ua hili bado lina vifaa vyote vya kumhadaa mdudu, pamoja na sahani zinazonata na mdomo wa manyoya, ilhali linajichavusha kila mwaka. Yeye aliamini kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kudumu milele kwa kujichavusha peke yake.

Ipo habari inayosambaa siku hizi kwamba nyuki wa okidi hii ametoweka duniani na kwamba ua ndilo kumbukumbu pekee iliyobaki ya umbo lake. Habari hiyo inagusa moyo, lakini si ya kweli. Nyuki wapweke wa jenasi ya Eucera, ambao madume wao wana vipapasio virefu mno, bado wako tele katika nchi za Mediterania, na huko wameonekana, ingawa kwa nadra, wakiitembelea okidi-nyuki. Aidha, yamepatikana mahuluti, yaani mimea iliyozaliwa na spishi mbili, kati ya okidi-nyuki na Ophrys fuciflora, na kati yake na Ophrys insectifera, na mahuluti hayo hayawezi kutokea bila mdudu kubeba chavua kutoka ua hadi ua. Kwa hiyo mlango wa mdudu haujafungwa kabisa. Mmea umepata tu njia ya kuishi hata pale ambapo mdudu hafiki, na ndiyo maana uliweza kuelekea kaskazini, katika nchi ambazo ndugu zake wengi hawakuweza kuzifuata.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo kiini cha mazungumzo yetu kilipo, na naomba tuende polepole. Tuchukulie kwamba katika mmea mmoja yametokea mabadiliko katika jeni inayoongoza umbo la mdomo, na kwamba mabadiliko hayo yamefichika, yaani hayaonekani mpaka mmea uwe umeyarithi kutoka pande zote mbili. Katika spishi inayochavushwa na wadudu, mmea huo utazaa na jirani asiye na mabadiliko hayo, watoto wao watayabeba bila kuyaonyesha, na huenda vikapita vizazi vingi kabla wabebaji wawili hawajakutana. Ikitokea wakakutana, ua litakalozaliwa litakabiliwa na msahihishaji niliyemtaja, naye pengine atalikataa. Katika okidi-nyuki mambo ni tofauti kabisa. Mmea unaobeba mabadiliko hujichavusha, na robo ya watoto wake huyaonyesha papo hapo. Watoto hao nao hujichavusha, na kwa kuwa hawana jeni nyingine ya kutoa katika sehemu hiyo, uzao wao wote hufanana nao. Hakuna mdudu wa kulikataa ua lao, maana halimsubiri. Umbo jipya huzaliwa, huthibitika, na hudumu.

Ongezeeni hapo tabia ya mbegu zake. Kibumba kimoja hutoa maelfu ya mbegu nyepesi mno, zisizo na akiba ya chakula, ambazo upepo huzichukua mbali. Mbegu moja ikiangukia udongo wa chokaa wenye kuvu anayefaa, mmea utakaoota hauhitaji mwenzake. Baada ya miaka kadhaa utachanua, utajichavusha, na kilima kizima kinaweza kujazwa na uzao wa mama mmoja. Hii ndiyo sababu aina adimu za okidi-nyuki hupatikana kwa mafungu: unaweza kutembea mabonde mengi usione hata ua moja la aina fulani, kisha ukafika mahali ukayakuta makumi yamesimama pamoja.

Miongoni mwa aina hizo, ile inayonivutia kuliko zote ni trollii. Mdomo wake hautuni wala haukunji ncha. Ni mrefu, mwembamba, umechongoka na kuelekea chini, na badala ya baka lenye ukingo safi una mabakamabaka ya kahawia na njano yaliyotapakaa bila mpangilio. Waingereza huliita ua la nyigu, na katika mkoa wa Gloucestershire limejulikana kwa muda mrefu. Mtu akiliona kwa mara ya kwanza, huapa kwamba ni spishi nyingine, na zamani wapo walioandika hivyo. Lakini ukiichunguza nguzo yake utakuta vikonyo vilevile virefu na vifurushi vilevile vinavyodondoka na kuning'inia. Ni okidi-nyuki yenyewe, na mdomo wake ni wa namna ambayo katika Ophrys inayomtegemea mdudu isingekuwa rahisi kudumu.

Aina ya belgarum imeelezwa juzijuzi tu, mwaka 1998, na Turner Ettlinger, baada ya kuonekana kusini mwa Uingereza. Mdomo wake hauna yale mabega mawili ya manyoya; ni mviringo mmoja mrefu, na katikati unakatwa na mkanda wa njano. Bicolor ina mdomo uliogawanyika rangi, juu hafifu na chini kahawia iliyokolea, bila michoro. Chlorantha imekosa anthosayanini, rangi inayoleta waridi na wekundu katika maua, hivyo sepali zake ni nyeupe na mdomo wake ni wa kijani-njano iliyopauka. Aurita ina petali za pembeni ndefu kuliko kawaida.

Kuna kundi jingine linalostahili kutajwa kwa uzito zaidi, nalo ni friburgensis na botteronii. Katika maua haya petali za pembeni zimeacha ufupi na vinyweleo vyake, zikapanuka na kuwa na rangi ya waridi, hata ukazihesabu kuwa sepali tano badala ya tatu. Robert Chodat, mwanabotania wa Geneva, aliipa botteronii hadhi ya spishi mwishoni mwa karne ya 19. Leo tunaelewa kwamba jeni za kundi la MADS ndizo zinazoamua ni kiungo kipi cha ua la okidi kiwe sepali, kipi petali na kipi mdomo, na kwamba badiliko dogo katika mahali jeni hizo zinapofanya kazi linatosha kukivisha kiungo kimoja sura ya kingine. Mabadiliko ya aina hiyo hutokea katika okidi nyingi, lakini mara nyingi hutoweka na mmea wake. Katika okidi-nyuki yamekuwa koo zinazoendelea kuzaana.

Je, tuziite nini sura hizi? Swali hili si la mezani tu, kwa kuwa jenasi nzima ya Ophrys imegawanya wataalamu katika kambi mbili zisizokaribiana. Wapo wanaofuata ushahidi wa DNA na kuhesabu spishi karibu kumi, na wapo wanaofuata tofauti ndogo za maua na wadudu na kuhesabu zaidi ya 300. Mgogoro wenyewe ni wa zamani. Kijana mmoja wa Kiingereza, John Traherne Moggridge, aliyekuwa akipitisha majira ya baridi huko Menton, kusini mwa Ufaransa, kwa sababu ya afya yake dhaifu, aliichora na kuichunguza mimea ya pwani hiyo kuanzia miaka ya 1860, akawa akiandikiana na Darwin. Aliona maumbo ya kati yanayoziunganisha Ophrys kadhaa, pamoja na okidi-nyuki, akashuku kwamba zote ni spishi moja. Pia aligundua kwamba Ophrys scolopax, jamaa wa karibu wa okidi-nyuki, hujichavusha sehemu moja ya kusini mwa Ufaransa na hushindwa kabisa kujichavusha sehemu nyingine. Moggridge alifariki mwaka 1874 akiwa bado kijana. Katika kuziunganisha spishi alivuka mpaka, lakini naiheshimu sana njia yake, kwa sababu alikaa na mimea hai msimu baada ya msimu na kuuliza inavyozaa kabla ya kuuliza inavyoitwa.

Msimamo wangu ni huu. Kuzifanya sura za okidi-nyuki kuwa spishi ni kosa, kwa kuwa hazina historia ndefu iliyozitenga na zinazaliwa upya kutoka kwa mimea ya kawaida. Kuzipuuza kabisa nako ni kosa, kwa kuwa kila moja ni ushahidi wa tukio halisi katika jeni za mmea. Cheo cha aina, kilicho chini ya spishi na nususpishi, kinazitosha. Hata hivyo nisingempa jina mtu aliyeleta ua moja lenye rangi isiyo ya kawaida. Ningemwomba kwanza arudi alikolitoa, ahesabu mimea yote ya mahali hapo, apime midomo ya maua mengi kwa rula, aangalie iwapo yapo maumbo ya kati, kisha arudi tena mwaka unaofuata. Kielelezo kilichokaushwa hakitoshi katika kazi hii, kwa sababu mdomo wa Ophrys ukibanwa kwenye karatasi hupoteza utuno wake na rangi zake hugeuka kahawia tupu, hata trollii na bicolor zikawa vigumu kutofautishwa. Picha nzuri zilizopigwa kwa mbele na kwa ubavu, pamoja na maua machache yaliyohifadhiwa katika spiriti, zina thamani kubwa kuliko shina zima lililokaushwa.

Kiazi kisiguswe. Nasema hivi kwa msisitizo, maana aina ikishasifiwa kuwa adimu, wapo wanaotaka kuimiliki, na kwa sababu hiyo wanabotania wengi wa Ulaya hawatangazi mahali hasa zinapoota. Mwaka 1899 Noël Bernard wa Ufaransa aligundua kwamba mbegu ya okidi haioti mpaka iingiwe na kuvu wa udongoni anayeilisha. Okidi-nyuki inaishi kwa ushirika huo, na mtu anayeing'oa na kuipeleka kwenye chungu anauvunja. Okidi zote za mwituni zimo katika orodha za mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama, lakini mkataba hauwezi kumzuia mtu mwenye kijembe kidogo na mfuko asubuhi na mapema.

Mtu mwenye kijembe ndiye anayeniunganishia Mediterania na nyumbani. Nchini Uturuki na katika nchi za jirani, viazi vya okidi za mwituni, Ophrys zikiwa miongoni mwake, huchimbwa, huchemshwa, hukaushwa na kusagwa kuwa unga wa salep, unaotengenezewa kinywaji cha moto chenye maziwa na pia aiskrimu inayovutika. Kilo moja ya unga huo hula viazi zaidi ya elfu moja, na kila kiazi ni mmea mmoja. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania tunayo biashara inayofanana nayo kwa karibu mno. Viazi vya okidi za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria huchimbwa kwa ajili ya kinaka, chakula ambacho Wazambia wanakiita chikanda, na soko lake kubwa liko ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2003 Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba viazi vinavyovushwa kila mwaka ni mamilioni. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, ukawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, nayo ndiyo hifadhi yetu inayojulikana kwa maua kuliko kwa wanyama.

Hifadhi inaweza kuzuia uchimbaji ndani ya mipaka yake, lakini swali lililobaki ni la wanabotania. Okidi inayojichavusha inaweza kurudi mahali palipochimbwa hata ikibaki mimea michache, mradi kuvu awepo, kwa sababu kila shina lililobaki litajaza vibumba. Okidi inayomtegemea mdudu mmoja inaweza kuonekana ipo, ikachanua kila mwaka, na isiache mbegu ya kutosha. Spishi hizi mbili zinahitaji ulinzi wa namna mbili, na huwezi kuzitofautisha kwa kuyatazama maua tu, kama ambavyo sura ya okidi-nyuki ilivyowahadaa walioiangalia kabla ya Darwin.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa idara zetu za botania ni kwamba, msimu ujao wa maua huko Kitulo, kati ya Desemba na Aprili, na kwa kibali cha hifadhi, wanafunzi wachague spishi chache za Disa na Satyrium zinazochimbwa zaidi, wavike mashina kadhaa wavu mwembamba kabla maua hayajafunguka, na waache mengine wazi kando yake. Satyrium inafaa kuanziwa, kwa kuwa shina lake hubeba maua mengi na vifurushi vyake vya chavua vinaonekana bila hadubini. Mashina yenye wavu na yasiyo na wavu yahesabiwe maua yote, kisha yahesabiwe vibumba vilivyojaa, spishi kwa spishi, na hesabu hiyo ipelekwe kwa wanaopanga ni maeneo gani ya nje ya hifadhi yafungwe uchimbaji kwanza.